Chumba Kimoja na Chiriku

Jumatano, 6 Agosti

Kesho safari. Siku nne melini, wanawake wanne, vyumba viwili. Mtu atalala na Chiriku, rafiki yangu wa tangu shule, na mtu huyo ni mimi.

Nimeiota safari hii tangu mwaka jana. Si kwa ajili ya bahari. Bahari naiogopa. Ni kwa ajili ya vitanda viwili vilivyokaribiana, na taa ikizimwa. Zamani tulipopanga chumba kimoja, mimi nikijifunza kushona mapazia na yeye akisomea unesi, tulikuwa tunazungumza gizani mpaka mmoja wetu anauliza jambo na kujibiwa na pumzi tu. Tangu hapo sijapata msikilizaji. Mume wangu ni mtu mwema, lakini husinzia katikati ya sentensi, hata ikiwa ni yake mwenyewe.

Kikwazo ni wifi, mke wa kaka yangu. Mimi ndiye niliyemkutanisha na Chiriku, siku ya harusi, nikawaambia mtapatana. Wamepatana! Sasa wanakwenda sokoni pamoja, wanachekeana kwenye simu, na habari za Chiriku zinanifikia zikiwa zimepoa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliishona mwenyewe.

Wa nne ni Mama Pacha, jirani yetu. Hana madhara. Tangu wale pacha wazaliwe anatafuta mahali pa kulala, na amelipia meli kama mwingine anavyonunua godoro.

Mpango: leo nimempigia wifi, kisha Mama Pacha, nikawanong'oneza kwa masikitiko makubwa kwamba Chiriku anakoroma. Kama mashine ya kusaga. Nikasema mimi nimeshazoea, nitajitolea kulala naye. Mama Pacha alishukuru. Wifi akasema maskini.

Kazi imekwisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Kazi haikwisha.

Tulipopewa funguo, wifi alitangulia kusema kabla sijafungua mdomo. Akasema kaka yangu amemsimulia kuwa tangu utotoni nina usingizi mwepesi, naamshwa na panya akipiga miayo, kwa hiyo si haki niteseke na... Hapo akamtazama Chiriku, akameza mate. Akamalizia kwamba yeye hulala kama gogo, basi achukue chumba kimoja na Chiriku, mimi nipumzike.

Wema wa wifi ndio unaoniudhi. Mtu mbaya ungempiga vita ukajua moja.

Chiriku aliuliza niteseke na nini. Sote tukatazama bahari.

Kwa hiyo niko na Mama Pacha. Mama Pacha anakoroma. Si kama mashine ya kusaga, ni kama watu wawili wanaoburuta kabati na kupumzika kila baada ya hatua chache.

Chumba ni kidogo, kitanda kinagusa kitanda. Dirisha la duara, mapazia mafupi ya buluu, pindo limekwenda upande kama limeshonwa na mtu anayekimbia. Nilivumilia mpaka saa kumi jioni, nikatoa mkasi, nikalifumua moja. Sasa hatuna hata hilo pindo bovu.

Ukuta wa upande wa pili ni mwembamba. Wanacheka. Nimebandika sikio, nikaongeza glasi. Sikusikia maneno, nilisikia kicheko cha Chiriku, kile cha kuvuta pumzi kwa ndani kama mlango unaohitaji mafuta. Zamani kicheko kile kilikuwa kazi yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango wa leo ulikuwa mwepesi. Chiriku ni nesi. Nesi humfuata mgonjwa.

Tukiwa kwenye kifungua kinywa niliweka mkono tumboni, nikaacha kijiko kianguke, nikasema meli inazunguka, nitakufa. Mama Pacha akanikumbusha kwamba meli imetia nanga tangu alfajiri. Nikasema ndiyo maana, mwili umeshtuka.

Chiriku aliinuka. Akakaa karibu yangu, akanishika mkono kwenye mshipa, akatazama saa yake. Vidole vya baridi, harufu ya sabuni ya hospitali ambayo hata bahari haiiondoi. Ningependa kubaki hapo mwaka mzima.

Lakini wifi, kwa huruma yake, alikuwa ameshakimbia kumwita daktari wa meli. Kijana mwenye miwani mipya. Akaniuliza kama nimetapika. Nikasema ndiyo. Akauliza sana? Nikasema sana! Nilidhani ndivyo mgonjwa anavyojipandisha cheo.

Kumbe safari iliyopita abiria waliambukizana ugonjwa wa tumbo, na sasa kuna sheria. Aliyetapika anafungiwa chumbani peke yake mpaka kesho. Haingii mtu, awe nesi awe nani. Mama Pacha akahamishiwa chumba cha pili, alale kwenye kochi. Alikuja kuchukua mto wake akiwa amebana pumzi, akanipungia mkono wa pole, akatoka mbio.

Kwa hiyo sasa wako watatu upande ule, na mimi na uji mwepesi usio na sukari upande huu.

Mchana walikwenda kisiwani. Niliwaona dirishani, kwenye boti ndogo, mtandio wa njano wa Chiriku ukipepea, mkono wake begani kwa wifi ili asiyumbe. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu haikuzidi urefu wa chumba.

Nimelishona upya lile pindo. Limenyooka sana. Hakuna wa kumwonyesha.

Jioni mtu aligonga ukutani, mara mbili. Najua ni Chiriku, wengine wangepiga simu. Nikajibu mara mbili. Sijui yeye alimaanisha nini. Mimi nilimaanisha mengi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefunguliwa. Daktari amesema nina afya ya kushangaza.

Baada ya chakula cha mchana kulikuwa na mashindano ukumbini, ya marafiki wawili wawili: nani anamjua mwenzake. Mmoja, kwetu Chiriku, anaandika jibu lake kwenye kibao, mwenzake anabuni jibu hilo kwenye kingine, vibao vinageuzwa, mkilingana mnapata alama. Nilituandikisha kabla Chiriku hajaweka kikombe mezani. Huu haukuwa ujanja, ilikuwa haki yangu. Wifi alipiga makofi, akakaa mstari wa mbele kutushangilia.

Mwanzo tulikwenda kama maji mtelemkoni. Mwalimu aliyemtisha kuliko wote? Yule wa hesabu, mwenye kiatu kinacholia. Kovu la gotini alilipata wapi? Kwenye ukuta wa shule, tukitoroka. Anaogopa mnyama gani? Bata bukini. Watu wanashangilia, Chiriku kaniinua mkono juu. Nilimtazama wifi. Sitaeleza nilivyomtazama.

Kisha maswali yakaja ya siku hizi. Asubuhi anakunywa nini? Nikaandika chai ya tangawizi. Kumbe ameacha chai, anakunywa maji ya moto na limau. Akiwa na huzuni huenda wapi? Nikaandika: kwangu. Yeye aliandika: kanisani, kukiwa hakuna watu. Nilianza kushika kalamu kwa nguvu.

Swali la mwisho. Mwakani siku kama ya leo, mwenzako atakuwa wapi? Nikacheka, hili walitupa bure. Nikaandika: mtaani kwetu, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Chiriku alishika kibao chake muda mrefu. Mshereheshaji akamsaidia kukigeuza. Kimeandikwa: chuoni, nafundisha manesi. Akaulizwa chuo gani, akataja mji ambao kutoka kwetu ni safari ya siku mbili kwa basi.

Ukumbi ulicheka, maana majibu yalipishana kama mbingu na ardhi. Wifi hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake. Hapo nikajua kwamba alijua.

Tulishika nafasi ya pili. Tukapewa kofia.

Tulikwenda nyuma ya sitaha, mahali wanapoanika taulo. Nilimuuliza tangu lini. Akasema kazi aliipata mwezi wa tano, anaondoka mwisho wa mwezi huu, ndiyo kazi aliyoitamani tangu siku alipovaa sare. Nilimuuliza kwa nini wifi aambiwe kabla yangu. Hapo akageuka.

"Wifi yako nikimwambia naondoka, ananiuliza nina masanduku mangapi. Wewe nikikuambia, utafanya jambo."

"Jambo gani?"

"Lolote. Ungeumwa."

Nikaanza kukunja taulo lisilo langu.

"Jana mapigo yako yalikuwa mazuri kuliko yangu," akasema. "Shoga, ni miaka mingapi nashika mikono ya watu?"

Nilitamani sakafu ipasuke nizame, nikakumbuka kwamba chini ni maji kweli, nikashika chuma.

Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia majibu ya vipimo vyake.

"Na hivi kweli nakoroma, ndilo neno wifi yako alilolimeza siku ile ya funguo? Wifi yako analala na mto kichwani, kwa adabu, hasemi kitu. Mimi silali. Najizuia."

Ya kuumwa niliona aibu. Hili liliniuma. Mtu amelipia mapumziko yake, amekaa macho usiku kucha akiulinda usingizi wa wengine na pua isiyo na kosa.

"Hukoromi," nikamwambia. "Hujawahi kukoroma. Nilitaka tu wenzako wasikutake."

Alinitazama. Nikangoja matusi. Kikaja kicheko, kile cha mlango, akajikunja akishika tumbo mpaka mhudumu wa taulo akaja kuuliza kama tunahitaji daktari. Sote wawili tukasema hapana kwa pamoja.

Tukakaa chini. Akasema anaogopa. Nywele zinaota mvi na anakwenda kuanza upya mahali ambapo hakuna atakayemwita Chiriku, ataitwa Madamu. Nilikuwa na neno usiende limenijaa mdomoni kama tonge la moto. Nililimeza. Nikamwambia kwamba nyumba ya kule itahitaji mapazia. Akafungua mkoba, akatoa vipimo vya madirisha manne. Alikuwa navyo tangu tupande meli, anatafuta jinsi ya kuniomba.

Jioni wifi alichukua mto wake bila kuambiwa na mtu, akahamia chumba changu na Mama Pacha, nami nikaingia kwa Chiriku.

Taa ikazimwa. Nikaanza kumsimulia Chiriku yote niliyoyaweka, ya mume, ya duka langu la mapazia, ya mama yangu alivyonitazama siku zake za mwisho. Alikuwa na usingizi wa siku mbili, maskini, alilala kabla sijafika katikati.

Nikaendelea tu.

Jumapili, 10 Agosti

Tumerudi. Bandarini wifi alinibebea begi. Nilimshukuru kwa kile chumba. Akaanza kulia, katikati ya watu na mizigo. Akasema tangu aolewe katika ukoo wetu hana rafiki mwingine ila Chiriku, na kwamba hata mimi anajua simpendi sana, lakini ananielewa. Nikamwambia si kweli. Akasema ni kweli kidogo. Nikakubali kidogo.

Nimetafakari. Ujanja wangu wote ulinitenga na mtu niliyekuwa namtafuta, na nilichokitaka nilikipata nilipoacha ujanja. Hili ni fundisho. Kuanzia leo sipangi tena. Nitapenda watu kwa uwazi, kama watu wengine.

Jumamosi, 30 Agosti

Chiriku aliondoka juzi. Mapazia manne yako kwenye sanduku lake, pindo nimelishona mara mbili ili likumbukwe. Mimi na wifi tulisimama stendi mpaka basi likapotea, halafu tukaendelea kusimama.

Sasa wifi anakuja dukani kila jioni. Anakaa kwenye kiti cha Chiriku. Nimemwacha akae. Anajua kukunja kitambaa, na akinyamaza najua anamnyamazia nani. Mume wangu anasema tumekuwa kama mapacha. Alilisema lote bila kusinzia, kwa hiyo lazima analiona.

Leo wifi amekuja na wazo. Mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa, twende wote wawili kumtembelea Chiriku. Tusimwambie, tumshtukize mlangoni, tuone uso wake. Tuondoke Ijumaa ya tarehe kumi na tisa. Nimelipokea kwa mikono miwili. Tumekumbatiana. Kaka yangu ana bahati, nimemwambia hivyo usoni, na sikuwa natania.

Kwa kuwa ofisi ya mabasi iko mtaa huu huu, ameniomba nikate tiketi zote mbili. Nimezikata saa ile ile, kabla ya kufunga duka.

Yake ni ya Ijumaa. Yangu ni ya Alhamisi. Nitamwambia Ijumaa ilibaki nafasi moja tu, nikampa yeye.