Gari la Baba Halitaki Kwenda Mbele

Jumatatu, 5 Mei 1980

Kaka Polycarp, naapa kuandika yote humu, hata ya kuniaibisha, kisha nikutumie kurasa hizi huko kambini Mafinga. Ulipokwenda jeshini uliliacha gari la Baba mikononi mwangu. Najua ulisema nilifute vumbi tu. Lakini uliliacha.

Halitaki kwenda mbele. Rivasi linakwenda vizuri kabisa. Ukivuta mkono wa gia kwenye D, injini inanguruma na gari limetulia, kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Kisha linaruka. Leo limefanya hivyo Mtaa wa Msimbazi, sokoni kumejaa. Mpagazi mmoja aliegesha mkokoteni wake akamwuliza Baba, kwa adabu, kama atufungie kamba atuvute. Tumerudi nyumbani kinyumenyume. Candida wa jirani alikuwa barazani kwao. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi.

Baba amesema Jumamosi Shangazi Severa anaolewa. Kama gari halijapona, bibi harusi atapanda la Kifaransa la Mzee Aristides, baba yake Candida, na letu litauzwa kwa Bwana Tulsidas wa vipuri, alivunje. Mimi ndiye mpambe. Mpambe hukaa mbele. Katika gari la kina Candida, nani atakaa mbele? Sihitaji kuandika.

Chakula cha jioni kilikuwa ndizi na nyama. Nadhani nitalala vizuri.

Jumanne, 6 Mei

Fundi Nassibu amekuja kutoka gereji za mtaa wa Gerezani. Akasema klachi imekwisha. Nikamwambia, baada ya shikamoo, kwamba gari hili la Kimarekani halina klachi ya kukanyaga, gia zinajibadili zenyewe. Akafikiri. Akasema basi ndiyo sababu, halina klachi. Akaingia uvunguni, akagonga giaboksi kwa nyundo, akasikiliza, akatoka na kutangaza kwamba ina kikohozi. Amekunywa chai yetu.

Mimi nimeamua kutumia fizikia. Mwalimu ametufundisha: angalia, pima, kisha amua. Nimevuta kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi kama Baba anavyofanya siku zote, asubuhi, injini imezimwa. Unamjua Baba. Tangu petroli iwe ya kupangia foleni, hakuna ruhusa ya injini kuwaka gari likiwa limesimama, hata kwa kupunga mkono wa kwaheri.

Mafuta yamepita alama ya juu kabisa! Kumbe yamezidi. Gari limevimbiwa, basi. Sijamwambia mtu. Nataka sifa ziwe zangu peke yangu.

Jumatano, 7 Mei

Nimeyapunguza. Nimetumia mpira mwembamba, nikavuta kwa mdomo. Ladha yake sitaiandika. Lakini nimeapa: sabuni na misumari.

Mafuta ni mekundu, mazuri kutazama. Nikayaweka kwenye sufuria jikoni na kwenda shule. Hapo nilikosea kidogo. Mama alidhani jirani ametuletea mawese, akammiminia Mama Hyasinta bakuli, kwa kuwa yeye ni mtu wa Kigoma na ameyakumbuka sana ya kwao. Mama Hyasinta hakuchelewa kurudi. "Mama Polycarp, mwenzangu," akasema mlangoni, "mawese haya yamekamuliwa gereji gani?"

Nikaenda kufua, ingawa hapakuwa na nguo chafu.

Jioni Baba amejaribu gari. Mbele halikwenda. Sasa hata nyuma halikwenda. Baba hakunipigia kelele, wala hajui la kunipigia. Alishuka, akamtuma mtu kwa Bwana Tulsidas.

Alhamisi, 8 Mei

Bwana Tulsidas amekuja. Akalizunguka gari, akaisifu redio, akaomba injini iwashwe. Baba akaiwasha kwa uchungu, akaenda kuagiza chai asione petroli ikiteketea.

Bwana Tulsidas aliupitisha mkono wa gia kila mahali, akaurudisha, akavuta kijiti injini ikiwa inaunguruma. Kikavu. Akakifuta, akakirudisha, akavuta tena. Kikavu. Nikamwamkia na kumwuliza mbona anapima gari likiwaka. Akasema giaboksi hii ina pampu. Injini ikiwaka, pampu inayapandisha mafuta yakafanye kazi, na kinachobaki chini ndicho cha kweli. Injini ikizimwa yote yanashuka kwenye karai, kijiti kinalowa, mtu anadanganyika.

"Nani hapa anapima gari imelala?" akauliza.

Nikasema sote.

"Na nani ametoa mafuta?"

Nikatazama juu ya paa la jirani.

Akacheka mpaka akashika boneti. Akasema gari si mbovu, ina kiu tu, na labda imekuwa na kiu toka mwaka juzi. Nipite dukani kwake nichukue makopo ya mafuta, na badala ya pesa Baba atampa sufuria kutoka duka letu la vyombo. "Lakini usiseme mpaka nimalize chai," akaongeza. "Ile redio bado naipenda."

Ijumaa, 9 Mei

Shida ilikuwa Baba. Mtoto hamwambii baba yake kwamba amepima vibaya miaka yote hiyo. Kwa hiyo nilimwambia Mwalimu ametupa kazi ya nyumbani ya kuchunguza injini inayowaka. Baba anaheshimu kazi ya nyumbani kuliko petroli. Akawasha, akasimama kando, mkono kifuani.

Nikamimina kidogo, nikapima. Kidogo tena, nikapima. Mafuta yalipofika alama, nikamwomba Baba avute D.

Likaenda. Bila kuruka, taratibu, kama halijawahi kukataa. Baba akalipeleka hadi kona ya Mtaa wa Mkunguni na kurudi, anatabasamu peke yake. Fundi Nassibu alikuwa anapita. Akasema nyundo ile huwa inachelewa kidogo kufanya kazi. Baba akamshukuru. Nimevumilia.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekaa mbele. Shangazi Severa nyuma, shela imejaa mpaka dirishani. Vigelegele kutoka nyumbani hadi kanisani. Gari halikusita hata kwenye matuta. Baba amemwambia Bwana Tulsidas kwamba haliuzwi, na Bwana Tulsidas amekula pilau ya njegere sahani mbili bila kinyongo.

Candida alikuja kuniuliza nimefanyaje. Alikuwa mpole. Nimemweleza siri yote. Sasa tumekuwa marafiki.

Jumapili, 11 Mei

Mzee Aristides alikuwa na safari ya nje ya mji leo, baada ya misa, kabla magari ya watu binafsi hayajazuiwa saa nane, kama kila Jumapili, ili kubana petroli. Tukaona tumsaidie kimya kimya. Candida anajua ufunguo unapotundikwa. Gari lao lina klachi ya kukanyaga, kwa hiyo kijiti ni kimoja tu, cha oili ya injini. Tukawasha injini, nikavuta. Karibu kikavu! Na jana tu baba yake alipima akasema imejaa, isiongezwe hata tone, injini isije ikaanza kuichoma. Maskini, naye hupima limezimwa.

Tukamwongezea kutoka galoni yake mpaka alama, kisha kidogo cha safari. Ameondoka na moshi mzito wa buluu uliofunika mtaa mzima, mama wa maandazi akafunika beseni lake. Candida aliuona mzuri. Padre naye amesikia habari zetu, na tumemwahidi kesho tutampimia gari lake.

Kwa hiyo, kaka, nijibu kwa posta ya kwanza: moshi wa buluu ndiyo dalili kwamba gari limeshiba?