Tovuti Isiyomwacha Mtu

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Huduma Jumuishi ilitangaza kwamba tovuti yake mpya sasa inamfikia kila mtu, awe anaona au haoni, anasikia au hasikii. Tangazo lilibandikwa ghorofa ya tatu, kwa herufi ndogo. Lifti ilikuwa mbovu.

Mpokea simu wa idara, mama wa makamo asiyeona tangu kuzaliwa, alisomewa tangazo hilo na mfagizi. Lilikuwa na mkia: kila mfanyakazi ajihakiki kwenye tovuti kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asiyejihakiki atahesabika hayupo duniani, na kazi hana.

Hakubabaika. Miaka kumi na tisa alikuwa akitumia kompyuta kwa programu inayomsomea skrini kwa sauti. Akafungua fomu.

"Picha: fomu ya mwisho kabisa, namba mbili," ikasema programu.

Akateremka hadi mwisho wa ukurasa. Hakuna kitu. Fomu nzima ilikuwa imepigwa picha na kubandikwa, na kwa programu ile picha ni ukuta tu. Akapanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi.

"Bosi, fomu haisomeki."

"Haisomeki vipi, mama? Mimi nimeisoma."

"Wewe una macho."

"Ndiyo maana tuliunda kamati," Mkurugenzi akajibu kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Imekaa miaka miwili. Imependekeza rangi ya buluu."

"Buluu ya nini?"

"Inawatuliza wasioona."

Mama wa watu akawaza nyumbani. Ana watoto wawili shuleni, na baba yao alishatangulia mbele ya haki. "Sasa nifanyeje?"

"Jaza fomu ya malalamiko. Ipo kwenye tovuti."

Alhamisi Waziri akaja kuzindua. Mkurugenzi akaamua kwamba mpokea simu ndiye aionyeshe tovuti mbele ya wageni, ili wenye husuda wafyate mkia. Kompyuta yake ikaunganishwa na vipaza sauti vya ukumbi.

"Bosi," akamnong'oneza, "picha isiyoandikiwa maelezo, programu husoma jina la faili."

"Vizuri sana! Na isome. Bonyeza."

Akabonyeza. Sauti isiyo na haya wala itifaki ikajaa ukumbini:

"Picha: mkurugenzi kapunguzwa kitambi, toleo la nne."

Mtu akakohoa.

"Picha: wasioona wakifurahi, ni walinzi wetu wamevaa miwani myeusi."

"Zima!" Mkurugenzi akafoka chinichini.

"Picha: waziri, tafuta ambayo hajasinzia."

"Mama," Waziri akasema polepole, "endelea."

"Picha: ripoti ya kamati, jalada tu, ndani hamna."

Waziri akainuka. Ripoti angeweza kuisamehe, maana yeye mwenyewe alikuwa nazo kadhaa za namna hiyo. Lile la kusinzia ndilo lililomchoma. Akaagiza kwamba, kwa kuwa tovuti ni ya wote, kesho wafanyakazi wote, kuanzia Mkurugenzi, wajihakiki kwa kusikiliza programu ile, skrini zikiwa zimezimwa.

Fundi wa kompyuta akaiandika upya fomu kwa maandishi ya kweli. Kazi ya saa mbili. Alikuwa ameomba ruhusa ya kuifanya tangu mwaka juzi.

Ijumaa asubuhi mpokea simu alimaliza kwa dakika nne, kisha akazunguka meza za wenzake: "Sikiliza kwanza, baba. Usiwe na pupa. Sasa bonyeza." Hata mfagizi alipita. Mkurugenzi alipoambiwa naye asaidiwe, akavimba.

"Mimi nifundishwe na mpokea simu?"

Akajifungia ofisini na skrini yake nyeusi. Saa sita ilimkuta bado anatafuta mahali pa kuandika jina.

Jumatatu simu ikalia.

"Niunganishe na ofisi ya Mkurugenzi. Haraka!"

Mpokea simu akaisikiliza orodha ya waliohakikiwa mpaka mwisho. Akairudia, kwa kuwa ni mtu wa haki.

"Samahani, mzee. Hapa hakuna mtu wa cheo hicho."

"Mkurugenzi ni mimi! Niko getini, mlinzi hanifungulii!"

"Lo, pole sana, bosi," akasema, na pole yake ilikuwa ya dhati. "Kuna tangazo la wasiojihakiki hapo getini, kwa herufi ndogo. Tafuta mtu akusomee."