Pasi ya Shangazi

Jumamosi, 3 Mei
Wiki ijayo tunachagua mzee wa kanisa. Mpinzani wangu ni mmoja tu, seremala, mtu ambaye hajawahi kuwa na kola iliyonyooka. Leo nimenyemelea chumba cha nyuma ya madhabahu, nikanyoosha kola yangu kwa pasi ya kanisa, maana nyumbani hatuna. Shangazi, ambaye ndiye mtunza kanisa, alikuwa nje anafagia. Hakuniona. Kola imesimama!

Jumapili, 4 Mei
Balaa! Kitambaa cha mimbari, alichokitarizi marehemu mke wa mchungaji, kimeungua katikati. Kilikuwa mezani pale nilipoiacha pasi. Sikuichomoa! Wote wakamgeukia shangazi. Akasema hakumbuki kuiwasha, lakini kama si yeye, nani? Akashika kichwa. Mimi nikashika kola.

Jumatano, 7 Mei
Nimemkuta shangazi amekaa jikoni, jiko limepoa. Ameacha kupika, anaogopa atachoma nyumba. Akaniuliza kama naye anaanza kupotewa na akili, kama ilivyokuwa kwa bibi. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Haki ya Mungu nilitaka kusema! Nikamwambia apumzike tu, uzee ndio huo. Nimelia njia nzima.
Kisha nikapata wazo. Ijumaa kuna ibada ya toba. Nitaungama mbele ya kanisa zima! Toba na kura kwa mpigo mmoja.

Ijumaa, 9 Mei
Nimevaa shati kuukuu, nikaenda kukaa benchi la mwisho kabisa. Seremala kanitangulia! Na viatu kavua. Tumesukumana kimyakimya kugombea nafasi ya chini.
Nikawahi mbele. Nikapiga magoti, nikafungua kinywa nitaje pasi. Nikakutana na macho ya mchungaji. Nikaungama kwamba huwa nasali muda mrefu mno, mpaka familia inachelewa kula. Watu wakaguna kwa huruma. Mke wangu akakohoa.
Halafu shangazi akasimama, kwa shida. Akaomba msamaha kwa ajili ya kitambaa. Akarudisha ufunguo wa kanisa, akasema asiachiwe tena moto. Mchungaji alilia. Nami nikamkumbatia shangazi, nikatangaza kwamba nimemsamehe. Amina zilitikisa mabati. Yeye alikuwa anatetemeka mikononi mwangu.

Jumapili, 11 Mei
Nimeshinda! Seremala alinipa mkono, akakiri kwamba kwa unyenyekevu nimemzidi. Sikubisha.

Jumamosi, 17 Mei
Shangazi amehamia kwa binti yake, mbali. Wakati wa kuagana alininyooshea kola kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya nikienda shule. Akaniomba nimwombee akili yake irudi. Nikaahidi. Roho iliniuma, iliniuma kweli. Nitamwambia ukweli siku akija kututembelea. Binti yake anasema hatakuja, hawezi tena kuachwa asafiri peke yake.
Ufunguo wa kanisa sasa anao mke wangu. Kesho nasimikwa, kwa hiyo nimeuazima kidogo bila kumsumbua, nikapita kunyoosha kola. Imesimama!
Niko nyumbani. Kufunga mlango nakumbuka. Kuchomoa pasi, hapo ndipo sina uhakika. Kurudi ni mbali, na viatu vipya vinabana.
Nikifikiri vizuri, hata mke wangu siku hizi ameanza kusahausahau.