Nyumba ya Mawe Inauzwa, Baraza Limo

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mama Teodora kanikabidhi funguo! Nyumba ya mawe ya enzi za mkoloni, kijijini nje kidogo ya Nansio. Imekarabatiwa: bati jipya, milango ya zamani imepigwa vanishi, veranda inatazama ziwa. Isipouzwa hadi Jumapili, funguo anapewa Selina. Selina, niliyemfundisha udalali mwenyewe! Haitatokea.

Dosari moja tu. Makaburi mawili ya vigae, katikati ya ua: baba na mama yake Mama Teodora. Nani atanunua nyumba yenye wenyeji?

Jumatano, 5 Machi
Jawabu limepatikana! Nimechukua mito ya makochi ya mke wangu, nikaitandika juu ya makaburi, nikaweka stuli katikati. Misalaba nimeivisha maua ya plastiki. Baraza safi la kupumzikia! Hellen kauliza mito yake iko wapi. Nikasema iko kwa fundi.

Selina kapita, kaniuliza kama sina aibu. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Mteja! Mzee Luhende, mstaafu wa Ilemela, kaja na mkewe kwa kivuko. Kasifu mawe, kasifu milango. Kisha kakaa barazani na soda yake, akasema hapa pana utulivu wa ajabu. Nikamhakikishia haujavunjika miaka mingi.

Mara Mama Teodora huyo, fagio mkononi. Kwaresima! Kila Ijumaa ya Kwaresima huja kuwafagilia wazazi wake. Nilisahau kabisa. Akapiga goti, akasema shikamoo baba. Mzee Luhende akaitika marahaba mwanangu. Mama akamweleza kwa upole kwamba anamwamkia baba yake, na kwamba yeye amemkalia.

Mke wa mzee kamwaga soda yote. Mimi nilijificha jikoni. Nimeaibika, sikatai.

Jumapili, 9 Machi
Nyumba imeuzwa! Na Selina! Ijumaa ileile alimkimbilia mzee kivukoni, akamweleza ukweli: wazazi wamezikwa pale tangu zamani, na ndugu wataendelea kuja kufagia. Mzee akasema ndicho anachotafuta. Kesi ya kiwanja imemchosha huko Ilemela. Mahali watu wamezikwa na hakuna jirani aliyepinga, mgogoro utoke wapi? Kilichomuudhi ni mito tu.

Hellen naye kaiona mito yake, na madoa ya soda. Leo kaninunia toka asubuhi.

Lakini nimejifunza! Wateja wanapenda makaburi. Ile nyumba ninayouza Nyegezi imekosa mnunuzi mwaka mzima, na sasa najua kasoro yake: haina hata moja. Kesho nanunua saruji na vigae. Marehemu nitampa jina njiani.