Ndiyo ya Bwana Birika

Gazeti la mji wetu lina kurasa nane, na asubuhi ile ya kura Redio alikuwa amezimaliza zote kwa sauti kabla mayai ya watu hapa mkahawani hayajaiva.

"Sikieni hii! 'Kodi ya shule ikikataliwa tena leo, bodi itafuta michezo yote katika sekondari ya Pell Creek.' Yote, jamani! Mpira, kikapu, mieleka, riadha. Mpaka wale wasichana wa kushangilia!"

"Soma taratibu," alisema Shemasi akifunika mkate wake kwa kiganja. "Habari tumeipata, mate hatukuyaomba."

Redio anaitwa Gene Pavlik. Alisambaza barua mji mzima mpaka akastaafu. Miguu ilipumzika, mdomo ukakataa. Shemasi ni Orville Stutz wa kanisa la Kilutheri, ambaye sala yake ya chakula imewahi kupoza supu. Mbele yao alikaa Namba Saba, fundi matairi ya trekta, aliyevaa jezi hiyo enzi timu yetu ya Nyumbu ilipofika fainali ya jimbo. Koti la fainali bado analivaa. Zipu tu ndiyo imekata tamaa.

Na dirishani, kikombe kikiwa kifuani kama mtoto mchanga, alikuwa Wendell Krantz. Ana mashamba ya soya mpaka macho yanachoka kuyafuata, lakini huagiza kahawa moja tu asubuhi na kuinywa hadi adhuhuri, kwa sababu hapa kwa Lorna ukishanunua kikombe kimoja unajaziwa bure. Mkono wake ni wa birika, haunyooki. Ndiyo maana tunamwita Birika, na yeye anadhani ni kwa sababu ya kupenda kahawa.

"Mwezi wa tano kodi hii ilianguka kwa kura tatu," Redio aliendelea. "Tatu! Watu gani hao wasio na haya?"

"Ningewajua," alisema Namba Saba, "wangeamka wakute pikapu zao zimekaa chini. Matairi manne, pufff!"

"Wachoyo hao," alisema Birika. "Mji huu umejaa wachoyo. Kutoa ni moyo, ndugu zangu."

"Si utajiri," Shemasi alimalizia, macho juu. "Amina. Mimi niliweka ndiyo."

"Hata mimi!" alidakia Redio.

"Mimi niliikoleza ile ndiyo mpaka kalamu ikataka kutoboa karatasi!" alisema Namba Saba.

Mimi nilikuwa kaunta nasubiri mkate. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo, nafundisha kwa muda na kusaidia timu ya riadha bila malipo, kwa kuwa kocha wake alishaondolewa. Niliwasikiliza wazee wale nikaona moyo wangu unajaa. Nikajiambia, mji wenye watu hawa hauwezi kushindwa.

Lorna alikuwa anafuta kaunta, masikio yote kwao. Mkahawa ni wake, na yeye ndiye mpishi, mhudumu na mfukuza walevi. Binti yake Callie yuko mwaka wa mwisho sekondari, na katika riadha anarusha kisahani mbali kuliko msichana yeyote katika wilaya hizi tatu. Kocha wa chuo kimoja kikubwa ameahidi kuja msimu wa masika kumwona. Akiridhika, atamsomesha bure. Hiyo ndiyo njia pekee ya chuo ambayo Lorna anaijua, maana mayai ya kukaanga hayajawahi kumsomesha mtu.

Akaja na jagi la kahawa. Akaijaza meza ya madereva wa malori, akaijaza meza ya muuza bima, akapita meza ya wazee wangu kama vile hapana mtu.

"Lorna!" Birika aliinua kikombe. "Umeturuka, mama."

"Sijawaruka. Nimewapunguza."

Akachukua kile kijagi cha maziwa. Akarudi, akamnyang'anya Redio gazeti katikati ya sentensi.

"Ala! Nilikuwa kwenye vifo!"

"Gazeti la bure limefutwa. Vifo nenda kavisome makaburini."

Halafu akaenda mlangoni pa choo, akabandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MEZA YA DIRISHANI HAIRUHUSIWI.

Shemasi alisimama nusu. "Lorna, binti yangu, mimi natumia vidonge vya presha! Vile vya kukojoza!"

"Pole, Shemasi. Bajeti."

"Bajeti gani?"

"Yangu. Kahawa imepanda, maziwa yamepanda, maji ya choo yamepanda. Nimekaa na bodi yangu, yaani mimi na ile friji, tukaona tuanze na yale yasiyo ya lazima."

Madereva wa malori wakaanza kucheka chinichini.

"Sasa hii si ni uonevu?" alisema Namba Saba. "Tumekaa meza hii tangu enzi za baba yako!"

"Nyumbu nao wamecheza tangu enzi za babu yangu. Ila sipendi ugomvi na wazee. Kila mmoja wenu atoe dola moja kwa wiki, narudisha kila kitu. Maziwa, gazeti, choo. Mnasemaje?"

"Dola moja?" Redio akapiga meza. "Dola moja tu? Ndiyo! Tena mbili!"

"Ndiyo," alisema Shemasi, aliyekuwa ameanza kubana magoti.

"Ndiyo, kwani sisi ombaomba?" alisema Namba Saba.

"Bila shaka," alisema Birika, huku akitazama mahali pengine.

"Safi sana. Basi tupige kura ya siri, kama kule ng'ambo." Lorna alionesha kwa kidevu jengo la zimamoto, ng'ambo ya barabara, ambako watu walikuwa wameshaanza kupanga foleni kwenye manyunyu. Akamvua Namba Saba kofia. "Kipaketi cheupe cha sukari ni ndiyo. Kile cha pinki, sukari ya uongo, ni hapana. Mikono chini ya meza, kisha kwenye kofia. Mwalimu, njoo usimamie uchaguzi."

Nikaenda kwa moyo mkunjufu. Kofia ikazunguka chini ya meza. Kila mmoja alitia mkono wake akiwa na uso mtakatifu kama wa mtu anayetoa sadaka. Nikaipokea, nikaigeuza juu ya meza.

Vipaketi vinne vikaanguka. Vyote vya pinki.

Dereva mmoja wa lori akasimama ili aone vizuri.

"Mimi niliweka cheupe," alisema Redio.

"Cheupe kilikuwa changu," alisema Shemasi.

"Acheni fiksi, cheupe ni mimi!" alisema Namba Saba.

"Cheupe kipi, jamani?" Lorna aliinama akapekua kofia. "Kimeyeyuka?"

Nilitaka kucheka, lakini nilimwona Shemasi. Masikio yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Mtu aliyezoea kuungamisha wengine hajui aweke wapi macho zamu yake ikifika.

"Haya," alisema mwishowe. "Nilidhani ninyi watatu mtaweka vyeupe. Nikasema, ya kwangu ya nini? Choo kitafunguliwa, nami dola yangu ninayo."

"Na mimi hivyohivyo," alisema Namba Saba kwa sauti ya chini.

"Hivyohivyo," alisema Redio. Hilo lilikuwa neno lake fupi kuliko yote ya mwaka ule.

Lorna akaliweka jagi mezani. "Na mwezi wa tano?"

Hapo ndipo kila mtu alipogundua jambo la maana sana kwenye ubao wa meza.

"Mwezi wa tano?" akarudia.

"Nilijua itapita tu!" Namba Saba alilipuka. "Nani Pell Creek angeikataa michezo? Nikasema itapita bila mimi, nami angalau nitakuwa nimeinung'unikia kodi kidogo..."

"Nawe Redio?"

"Sauti yangu ilisema ndiyo mji mzima, Lorna. Mkono ndio uliteleza."

Shemasi hakuulizwa. Aliinamisha kichwa, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. "Ilianguka kwa kura tatu. Wawili tu kati yetu tungegeuka, ingepita."

"Nyani haoni kundule," dereva mmoja wa lori alisema kwa nyuma.

"Wewe endesha lori lako!" Redio alimjibu, ila bila nguvu.

"Sikilizeni," alisema Lorna, na sasa hakuwa na utani. "Mimi siwachukii. Ila kocha wa chuo atakuja masika kumwona Callie akirusha. Mashindano yakifutwa, atakuja kuona nini? Mimi nikirusha sahani za mayai?"

Namba Saba alisimama, akachukua kofia yake, akaikung'uta chembe za sukari. "Twendeni," alisema.

"Choo kwanza," alisema Shemasi.

"Kipo kimoja pale zimamoto. Twende!"

Redio na Shemasi wakamfuata. Birika peke yake hakunyanyuka. Alikishika kikombe chake kitupu kwa mikono miwili.

"Mzee Wendell," nilimwambia, "foleni bado fupi."

"Haitanisaidia, Mwalimu. Nilishapiga yangu wiki iliyopita. Kwa posta."

Wale watatu waliganda mlangoni.

"Na ulisemaje?" Redio aliuliza, ingawa jibu lilikuwa limekaa pale linatutazama.

"Nilisema hapana."

"Kwa posta!" Redio alishika kichwa. "Mimi nimebeba barua za mji huu miaka yote sijawahi kubeba yako hata moja, hata kadi ya Krismasi! Leo umenunua stempu ili useme hapana?"

"Stempu niliibandua kwenye bahasha ya zamani," alisema Birika kwa unyonge.

Watu walicheka, ila Lorna hakucheka. Yeye na mimi tulijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Tangu shule ilipofunga uwanja wa kurushia, Callie hufanyia mazoezi kwenye shamba la Birika lililovunwa. Birika alibandika kibao cha KUINGIA MARUFUKU, kisha kesho yake akapigilia vigingi vyeupe kila baada ya hatua kadhaa ili binti ajue amefika wapi. Kila Jumamosi hukaa kwenye pikapu akijifanya anakagua udongo. Kisahani kikivuka kigingi cha mwisho, hupiga honi.

"Nilidhani ni hesabu tu, Lorna," alisema. "Namba kwenye karatasi. Sikuweka jina la Callie humo."

"Basi ndilo lililokuwemo, Wendell."

Shemasi akarudi hatua moja, magoti bado yamebanwa. "Kura ikishatumwa haifutiki. Lakini inaweza kufidiwa. Mtafute mtu wa ndiyo ambaye hakuwa na mpango wa kwenda, umpeleke. Yeye anakufuta wewe. Mkeo je?"

"Alishatuma. Alisema ndiyo."

"Kwenye bahasha yako?"

"Yake. Alinunua stempu mpya," alisema Birika, na jeraha hilo lilionekana bado bichi. Akafikiri. Tukaona wazo linamjia, tukaona na yeye anajaribu kulikwepa. "Kuna mama mkwe."

Namba Saba alipiga mluzi. Bi Hildreth anakaa nyumba ya wazee nyuma ya maktaba. Ana miaka tisini na moja, na hajawahi kukubaliana na mkwewe hata kuhusu hali ya hewa. Hawajasemeshana tangu Krismasi, aliposema mbele ya wageni kwamba bata mzinga wa Wendell hakuchinjwa, alikufa kwa njaa.

"Ukisema hapana, yeye husema nini?" niliuliza.

"Ndiyo. Daima."

"Basi ndiye huyo," alisema Lorna.

Birika akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Tukasikia pikapu ikikohoa, ikawaka, ikaondoka.

Lorna hakuweza kutulia. Alifuta meza moja mara tatu, ile ile. Ng'ambo, wazee wangu watatu walikuwa wameingia foleni. Shemasi alipewa nafasi ya mbele kwa sababu za kiafya. Manyunyu yakawa mvua. Nikaona watu wawili wanaacha foleni na kurudi kwenye magari yao. Nikasema moyoni, tafadhali, msiende.

Pikapu ikarudi. Birika akashuka, akatoa kreti ya maziwa nyuma na kuiweka chini ya mlango kama ngazi. Bi Hildreth akashuka taratibu, koti la kijani, nywele zimetengenezwa upya. Birika alivua kofia yake mwenyewe akamkinga nayo mvua, na kipara chake kikaanza kulowa.

Mimi na Lorna tulitoka hadi barazani. Bi Hildreth hasikii vizuri, kwa hiyo huzungumza ili ajisikie.

"HAYA WENDELL, LEO TUNAKATAA NINI?"

"Hatukatai, mama."

"NINI?"

"Leo tunakubali."

"SAUTI!"

Birika alitazama foleni yote ile, majirani zake wa maisha yote. Akavuta pumzi.

"NDIYO, MAMA! NIMESEMA NDIYO! NI YA YULE BINTI WA LORNA ANAYERUSHA KISAHANI SHAMBANI KWANGU!"

Mtaa mzima ukageuka. Redio akaanza kuyarudia maneno yale kwa waliokuwa mwisho wa foleni. Wale wawili waliorudi kwenye magari wakafungua milango, wakashuka tena. Msimamizi wa uchaguzi akaja mbio na mwavuli.

"Mzee Krantz, hairuhusiwi kufanya kampeni hapa!"

"Si kampeni," alisema Birika. "Ni mama mkwe."

Lorna, pembeni yangu, alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa aproni kwa wakati mmoja. Birika akamtolea mama mkwe mkono, vidole bado vimefumbwa, ili amvushe dimbwi lililokuwa mlangoni. "NDIYO HIYO HATA MIMI NAIKUBALI," alisema Bi Hildreth, kisha akautazama mkono ule.

"UFUNGUE KWANZA, WENDELL. NITAUSHIKAJE UMEUKUNJA?"