Kulungu Wangu Upande wa Pili wa Seng'enge

Ijumaa, 21 Novemba

Ukweli usemwe mapema: kaunti hii haijawahi kuzaa jicho kama langu. Mimi, Denny Pribyl, miaka kumi na saba, naweza kumpiga nzi wa kushoto nikamwacha wa kulia akishangaa mwenzake kaenda wapi. Shule niliiacha mwezi wa tatu. Hisabati ilikuwa inanichelewesha.

Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unafunguliwa kesho. Siku tisa tu. Tumefika kambini kwa pikapu ya babu Emil: yeye, mimi, na binamu yangu Tilda, miaka kumi na mitano, msichana anayekunja soksi zake mbili mbili kama mayai kwenye trei.

Babu macho yamefifia. Katangaza mezani kwamba bunduki yake, ile aliyoachiwa na baba yake, kitako kimeng'aa kwa mashavu ya watu wawili, itakwenda kwa yule kati yetu atakayetundika kulungu dume kwenye mlingoti wa mawindo hapa kambini msimu huu. Nimemwambia Tilda asihangaike kufungua begi. Kasema asante kwa kumjali, akaendelea kufungua.

Sheria ya kambi: ukifyatua ukakosa, babu anakata mkia wa shati lako kwa kisu cha kuchunia na kuupigilia ukutani pamoja na tarehe. Ukutani kuna mikia mitano. Mmoja wa marehemu mjomba Otto. Minne yangu. Ilikuwa upepo, yote minne.

Sasa adui. Lavern Krahn, jirani wa mashariki. Miaka tisa iliyopita ng'ombe wetu alivuka akala boga lake la maonyesho, boga kubwa kuliko ng'ombe mwenyewe. Tangu siku hiyo seng'enge ina kibao kila baada ya hatua kumi: USIINGIE. Na kulungu wote wa maana wanalala kwake kwenye misonobari, akiwemo yule dume wa pembe kumi ninayemwita Mheshimiwa, kwa sababu anatembea kama aliyechaguliwa bila kupingwa.

Nimejenga dungu langu juu ya mti, hatua mbili kutoka seng'enge. Linatazama kwake. Hakuna sheria inayokataza kutazama.

Jumamosi, 22 Novemba

Nilikuwa dunguni kabla hakujapambazuka, kizibao changu cha rangi ya chungwa kinawaka kama taa ya barabarani. Kimya. Theluji mpya. Asubuhi ya mabingwa.

Jua linachomoza, Krahn huyo. Kiti cha kukunja, chupa ya kahawa, redio. Akafungulia kodiani. Kisha akawasha msumeno wa injini akakata gogo. Alipolimaliza akavikata vipande vyake.

Nikamuuliza kwa adabu zangu zote kama kaishiwa kuni. Akasema ana kuni za miaka sita, anapenda tu harufu ya vumbi la mbao asubuhi.

"Na wewe, mtoto wa nyumba ya boga," akasema, "huko juu unataga?"

Nikamwambia ng'ombe wetu alisema boga lilikuwa chachu. Akaongeza sauti ya redio.

Sikuona hata sungura. Tilda, kule magharibi, kaona majike wanne akawaacha wapite. Anasema anasubiri. Watu waoga wana majina mengi ya uoga.

Jumapili, 23 Novemba

Mpango. Kulungu huishi kwa pua. Basi nikitundika harufu ya mtu kwenye vibao vya Krahn, watakimbilia kwetu. Nimetundika soksi zangu za tangu Jumatano, jozi tatu, na kumwagia marashi ya babu ya baada ya kunyoa.

Upepo ukageuka saa tatu. Harufu yote ikaja kwetu. Kulungu hawakuja, Krahn alihamishia kiti mbali kidogo, na babu kasema nikilala ndani leo, yeye atalala kwenye pikapu. Naandikia kwenye pikapu.

Jumanne, 25 Novemba

Siku kuu kuliko siku zote. Niandike polepole.

Jana sikuandika kwa sababu nilikula soseji sita na hakuna kingine kilichotokea. Leo Krahn alikwenda mjini. Nililiona gari lake likiondoka. Kimya kikarudi. Saa moja na nusu, Mheshimiwa katokea upande WETU, hatua arobaini, ubavu wazi, pembe kumi zina theluji. Nikanyanyua. Nikafyatua. Karuka juu, juu, akavuka seng'enge kama kitambaa kilichopeperushwa, akaingia misonobari ya Krahn.

Nikashika darubini. Chini ya msonobari wa tatu: ubavu wa kahawia, sikio moja, pembe. Kalala. Hasogei. Amekwisha!

Nilikimbia kambini nikiimba. Babu alinishika mabega yote mawili, jambo ambalo hajalifanya tangu nibatizwe. Akauliza kaangukia wapi. Nikamwambia. Akaachia bega moja.

Sheria inajulikana na kila mtu: kulungu akifia kwa jirani, huvuki mpaka mwenye ardhi akuruhusu. Babu kasema nivue kofia, niende nikagonge mlango, niseme tafadhali. Nikamwambia Pribyl hamwombi Krahn. Babu akasema Pribyl mwenye njaa huomba vizuri sana, yeye keshaona.

Nimelala nikiwaza mahali pa kuitundika bunduki.

Jumatano, 26 Novemba

Nimekwenda kwa Krahn. Si kuomba. Kuarifu.

Nilisimama getini na kofia yangu kichwani. Nikamwarifu kwamba mali yangu iko chini ya msonobari wake wa tatu na nitaipitia mchana. Akauliza mali gani. Nikasema kulungu, dume, nimempiga mimi. Akatazama misonobari yake, akanitazama, akatazama tena misonobari. Uso wake ukafanya kitu sikuwahi kukiona. Nadhani ni hofu.

"Yule aliyelala pale?" akauliza.

"Yule yule."

"Umempiga kweli kweli. Hata hapumui." Akajikuna kidevu. "Sema tafadhali, kijana, nikupeleke mwenyewe na trekta."

Nikamwambia neno hilo kwetu tunawatunzia binadamu. Akasema basi haya, chukua mali yako, lakini mguu wako ukigusa udongo wangu namwita askari wa wanyamapori. Alipokuwa anafunga mlango nilisikia anakohoa. Mzee ana kifua kibaya. Au alikuwa anacheka, lakini acheke nini?

Mguu, kasema. Nimelishika neno hilo.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Tilda kachoma bata mzinga kwenye jiko la kuni na kuoka pai mbili za tufaha. Moja kaifunga kwa kitambaa akatoka nayo. Nikamuuliza anaipeleka wapi. Kasema kwa jirani, yuko peke yake sikukuu nzima. Nikamwambia huo ni usaliti. Kasema hapana, hiyo ni pai.

Mimi nilikuwa na kazi. Babu ana ufito wa kuvulia samaki wakubwa, mshipi wake unaweza kuvuta ng'ombe. Nikafunga ndoano yenye meno matatu. Nikasimama upande wetu, visigino ndani ya ardhi yetu, nikarusha. Ndoano si mguu.

Mrusho wa kwanza: tawi. Wa pili: tawi. Wa tano: kofia yangu mwenyewe. Wa tisa ulinasa kibao cha USIINGIE, kikang'oka, kikaning'inia juu ya msonobari kikiwaambia ndege wasiingie. Wa kumi na nne ulimgusa Mheshimiwa pajani, ukateleza. Alitikisika kwa wepesi mno. Nadhani kaganda.

Tilda karudi jioni bila pai. Kasema Krahn kalia kidogo. Miaka tisa, kasema, hakuna mtu wa kwetu aliyegonga mlango wake. Si kuomba radhi ya boga, si kumpa pole mkewe alipofariki. Kisha kampa Tilda ruhusa ya kukaa pembeni ya shamba lake la viazisukari. Kirahisi hivyo. Kwa pai!

Nimemwambia babu huyu ni jasusi. Babu alikuwa na mdomo uliojaa pai, akajikatia kipande kingine.

Ijumaa, 28 Novemba

Nitaandika hili mara moja tu.

Mrusho wa ishirini na mbili, saa nne asubuhi. Ndoano ikaingia sikioni. Nikavuta. Nikavuta kwa miguu yote miwili. Kitu kikakatika, kikaruka juu ya seng'enge, kikaniangukia kifuani. Sikio. Limejaa sponji ya njano.

Ni kulungu bandia wa kulengea mishale. Krahn alikuwa naye wa kufanyia mazoezi enzi za ujana wake. Upepo wa Oktoba ulimwangusha na hakuona haja ya kumsimamisha. Haya yote kayaeleza mwenyewe, kaja na trekta hadi mpakani, anafuta machozi. Ameniletea pia kile kibao nilichokining'iniza juu ya mti. Katikati ya kibao, tundu moja safi.

"Risasi yako ya Jumanne hii hapa," akasema. "Umenipigia kibao, mjukuu wa Emil. Na huyo Mheshimiwa wako, Tilda kanitajia jina, jana jioni alikuwa shambani kwangu anakula viazisukari. Anakusalimu."

Babu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akachomoa kisu cha kuchunia. Mkia wa tano wa kwangu umepigiliwa ukutani saa tano na robo, na pembeni yake, kwa ombi la Tilda, sikio.

Nasema na nitasema: kulungu wa uongo bila kibandiko ni hila. Mtu mwaminifu humwandikia ubavuni kwamba si wa kweli.

Jumapili, 30 Novemba

Msimu umefungwa jua lilipotua. Nusu saa kabla, mlio mmoja upande wa mashariki. Mmoja tu. Tilda hana utamaduni wa kurudia.

Alimpiga Mheshimiwa pembeni ya viazisukari, akaanguka palepale. Akaniita nimsaidie kumburuta. Tulipofika kwenye seng'enge, Krahn aliinua waya kwa mkono wake mwenyewe tupite. Nilipita wa mwisho. Akasubiri, kaushikilia waya, kana kwamba kuna neno alilotarajia. Nikamwambia seng'enge yake imelegea.

Mlingotini Mheshimiwa ni mrefu kuliko nilivyokumbuka. Babu alimkabidhi Tilda bunduki kwa mikono miwili. Tilda akaweka shavu kwenye kitako, pale palipong'aa, na babu akageuka kutazama dirisha ingawa nje giza, hakuna cha kutazama. Kisha Tilda akasema naweza kuibeba hadi garini. Nikamwambia sibebi mizigo ya watu. Niliibeba. Ni nyepesi kuliko nilivyodhani, na iko sawa mkononi kama kitu kilichokuwa kinanisubiri mimi.

Nimefikiri sana njiani. Kosa nimeliona. Kosa ni mashati. Shati refu linampa mzee kitu cha kukata. Mwakani nitavaa fulana fupi, inaishia kitovuni, tuone atapigilia nini ukutani. Dungu nitalisogeza hatua moja karibu zaidi na seng'enge. Na tafadhali yake Krahn ataisubiri mpaka maboga yaote mabawa.

Tilda analala kiti cha mbele, bunduki magotini. Naandika kwa tochi. Hakuna anayesoma daftari hili, basi nimalize jambo moja ambalo sikumwambia babu, wala Krahn, wala mkia wa shati.

Jumanne hapakuwa na upepo. Hapakuwa na redio, wala msumeno. Mheshimiwa alisimama hatua arobaini, akanitazama, na mimi, jicho la kaunti nzima, nilipovuta kifyatulio nilikuwa nimefumba macho. Yote mawili.