Visigino vya Tavita

Alhamisi, 24 Agosti
Mwaka wa kumi na moja wa kusukumana na watu wazito katika futiboli ya Kimarekani, na nimebakiwa na siku tano. Jumanne timu inapunguza wachezaji. Nafasi ya kumlinda mrusha mpira upande wa kushoto ni moja, tunaigombea wawili: mimi, Vernell Stubbs, miaka thelathini na tatu, goti bovu, na Tavita Leaupepe, mgeni wa msimu huu, mlima wa mtu. Ananiita anko. Ananibebea kofia ngumu, maana wageni ndivyo wanavyofanya. Namchukia.

Leo nimemkamata! Mpira ukipangwa kurushwa, anakalia visigino. Ukipangwa kubebwa, anaegemea mkono. Yaani anamtangazia adui kila kitu.

Ijumaa, 25 Agosti
Nimemnong'oneza Marquel, anayetushambulia mazoezini ili amfikie mrusha mpira, amtazame Tavita visigino. Alicheka mpaka akapaliwa na kuku. Akaniuliza kama nina hakika nataka alijue hilo. Nikasema hakika kabisa. Watu wanapenda kucheka ovyo.

Jumapili, 27 Agosti
Balaa. Marquel alimpita Tavita mara moja. Mimi, mara nne! Mpira haujatikisika, yeye keshanipita. Mrusha mpira wetu alilala chali akinitazama. Nilimwuliza Marquel ana nini na mimi. Akajibu, "Mzee, na wewe visigino ni vilevile!"

Jioni kocha akatuonyesha picha zetu ubavu kwa ubavu. Mkao mmoja. Tavita akasema kwa fahari kwamba ameniiga tangu shuleni, hata mama yake ana picha yangu jikoni. Chumba kizima kikacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nakaa vile kwa sababu ya goti, tangu mwaka wangu wa pili. Kijana ameiga ugonjwa wangu akadhani ni ufundi.

Kocha alimrekebisha kwa dakika kumi. Mimi hakunigusa.

Jumanne, 29 Agosti
Siku yenyewe. Gus, msaidizi wa kocha, ndiye anayekuja kukuambia kocha anakuita na uje na tableti yako ya mbinu. Akikuambia hivyo, umekwisha. Orodha inafungwa saa kumi. Nikajiambia, asiponipata hadi saa kumi, watanifukuzaje? Nikajificha chumba cha kufulia, nyuma ya rundo la mataulo. Mtu wa kilo mia moja na arobaini!

Saa tisa na nusu nikasikia Gus akisema kwa upole, "Vernell, kaka, visigino vinaonekana."

Kocha alinishukuru kwa miaka yote kumi na moja. Dakika tatu hazikuisha. Tavita alinibebea begi hadi garini huku akilia, akasema kila anachojua amekipata kwangu. Nikamwambia aangalie goti lake. Nililia njia nzima. Nimeumia, sina la kuficha.

Jumatano, 30 Agosti
Goti limevimba, nimeliwekea barafu. Mke wangu ameniomba niache sasa, tungali tunaweza kupanda ngazi pamoja. Nikasema nitafikiria.

Mchana timu nyingine imepiga simu. Kesho nikajaribiwe, dhidi ya kijana wao. Nimekaa na video zake saa nzima. Nimemkamata! Analamba midomo kabla ya mpira kurushwa. Nikatafuta namba ya mshambuliaji wao mmoja, nikamweleza yote.

Alicheka sana, akaniuliza kama nina hakika. Dalili njema.